Namba ya Panda ya Reli

Benchi letu ni taruma la mbao, lile gogo linalobeba reli, lililolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Kamakshi, karibu na stesheni ya Jolarpettai. Hapo miguuni imelala panda kuukuu ya reli, kile chuma chenye ncha kinachowekwa pale njia mbili zinapoachana. Ilishang'olewa kitambo, sasa tunawekea bilauri. Jumanne ile asubuhi tulikuwa wanne: mimi, niliyewahi kufunga na kufungua geti la reli; Namasivayam, mstaafu wa genge la reli, kile kikosi cha kutengeneza njia, tunamwita Profesa; Xavier, aliyekuwa gadi wa treni za mizigo, tunamwita Breki; na Thangavel, aliyekuwa bado kazini kwenye genge, ambaye kahawa yake ilikuwa inapoa tu. Kesho yake alikuwa na mtihani wa unyapara. Alishafeli mara mbili. Miaka ishirini na mbili ya nyundo ilikuwa imemla magoti, na mkewe alishawatangazia wakwe kwamba mumewe kapanda cheo.

— Swali ni lile lile kila mwaka, Thangavel akasema. Unapewa pembe ya panda, unaambiwa taja namba yake. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nikataja namba ya kiatu changu.

— Na njia mbili zilimshinda fisi kwa sababu hiyo hiyo, Profesa akasema. Hakujua namba ya panda.

— Sasa inapatikanaje, mzee?

— Chukua hamsini na saba, gawanya kwa digrii za pembe. Basi.

— Kwa nini hamsini na saba?

Profesa akakohoa.

— Mzungu aliyeigundua alikufa na miaka hamsini na saba.

— Uongo! Breki akadakia. Hamsini na saba ni mabehewa. Treni ikizidi hapo, panda inapinda. Mimi nimeburuta hamsini na nane, nikaiona inapinda kwa macho yangu.

— Ikapinda ukafanya nini?

— Nikapiga breki. Si ndilo jina langu?

— Breki gani! Profesa akasema. Wewe treni ilikuwa inasimama yenyewe kwa aibu. Thangavel, sikiliza. Samaki mkunje angali mbichi. Maana yake pembe hupimwa chuma kikiwa cha moto. Kikipoa, namba inapungua.

— Kwa hiyo usiku namba ni nyingine na mchana nyingine? nikauliza.

— Na masika nyingine, akajibu bila kupepesa macho. Ndiyo maana treni huchelewa masika.

Thangavel akajishika kichwa.

— Jamani, mtanifelisha mara ya tatu! Mwakani umri unanipita. Nikianguka kesho, nitabeba vyuma mpaka nistaafu.

Ndipo tukasikia sauti nyuma yetu:

— Samahanini, kaka zangu. Hiyo namba inahesabu nini?

Alikuwa Malliga, mjane aliyepewa kazi ya marehemu mumewe kwenye genge la reli. Alikuwa na wiki tatu tu kazini. Kabla ya hapo alikuwa akiuza mashada ya maua hekaluni. Kahawa yake alikuwa akiinywa amesimama kando, maana benchi lile hakuna mwanamke aliyewahi kulikalia.

— Inahesabu panda, Profesa akasema.

— Panda ni moja, mzee. Namba yake si moja.

Breki akamtazama Profesa. Profesa akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mama Kamakshi, naye akasema:

— Msiniangalie, mimi nauza kahawa.

Malliga akachuchumaa, akaondoa bilauri zetu juu ya chuma.

— Hapa kwenye ncha, kingo mbili zimekutana. Huku nyuma zinaachana. Sasa mimi nikitaka ziachane shubiri moja, niende mbali kiasi gani?

Thangavel akaweka kiganja katikati ya kingo mbili, akakisogeza nyuma mpaka shubiri yake ikaenea sawasawa. Kisha akarudi kuelekea kwenye ncha, akihesabu kwa shubiri ile ile.

— Nane na kidogo.

— Ncha imekatwa butu, Malliga akasema. Ingeendelea.

Akatoa pochini nyuzi mbili za mashada. Akaulaza mmoja ukingo huu, mwingine ukingo ule, akazivuta nyuzi hizo mpaka zikakutana hewani, mbele kidogo ya chuma. Thangavel akahesabu upya kuanzia pale.

— Nane na nusu! Hii ni panda ya nane na nusu! Profesa, pembe yake ngapi?

— Digrii sita na robo tatu, kasoro kidogo. Hiyo naijua kama jina langu.

Nikachora hesabu mchangani. Hamsini na saba gawanya kwa hiyo: nane na nusu, sawa na za shubiri. Thangavel alikuwa bado amepiga magoti yale mabovu, anacheka peke yake.

— Kwa hiyo pembe ikiwa nyembamba, unakwenda mbali zaidi kabla ya kuachana shubiri. Namba inakuwa kubwa! Na pembe ya digrii moja ndiyo ingefika shubiri hamsini na saba! Miaka ishirini na mbili naibeba begani, kumbe ni hivi tu?

Kesho yake mkaguzi akampa digrii nne na robo tatu. Akagawanya, akasema kumi na mbili. Mkaguzi akamuuliza kumi na mbili ya nini, akidhani kamkamata. Thangavel akampimia mezani kwa shubiri mpaka kalamu zikaanguka.

Alifaulu. Alhamisi alikuja na sahani ya jalebi zinazodondosha shira. Profesa alikuwa wa kwanza kuchukua.

— Huyu nimemfundisha mimi, akatangaza. Ni mwanafunzi wangu wa thelathini! Mtihani ule naujua ndani nje.

Malliga akaweka bilauri yake chini.

— Vizuri, mzee. Basi nielekeze. Fomu ya mtihani wa mwakani inachukuliwa dirisha lipi?

Profesa akafungua mdomo, jalebi ikiwa nusu ndani. Akatazama stesheni. Ndipo sote tulipoelewa kwamba hajawahi kuufanya mtihani ule hata siku moja.

— Mama Kamakshi, akasema polepole, niongeze kahawa.

— Imekwisha.

Thangavel akasogea, benchi likabaki na nafasi ya mtu mmoja.

— Kaa, dada. Ukimaliza kahawa hiyo nitakupeleka dirishani mwenyewe.