Fundi Siti na Shokapu Mbili

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko shambani, na nyinyi mafundi mliozima mashine ili mtusikie, asanteni kwa kutusogelea. Leo tunamkumbuka Siti Matimbwa, Fundi Siti wa Kibiti. Ametutoka Jumatatu iliyopita, akiwa na miaka hamsini na nane. Fundi Siti wa shokapu, vile vyuma vinavyotuliza gari likipita kwenye mashimo.

Siti alizaliwa Salale, kule delta, ambako safari ni ya mtumbwi. Gari alilipanda mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne, alipoletwa Kibiti kwa shangazi yake. Alitapika njia nzima. Aliposhuka hakuomba hata maji. Alichuchumaa, akachungulia chini ya gari, aone ni kitu gani kilichokuwa kikimrusha vile. "Shangazi anamvuta mkono, dada hataki kuinuka," anasimulia mdogo wake, Habiba.

Aliolewa na Saidy, fundi magari, na Saidy akamfundisha kazi. Haukupita muda, mume akawa anamwita mke asikilize magari yaliyomshinda. "Sikuona aibu," anasema Saidy. "Mwenzangu alikuwa na sikio."

Siku moja alikosea. Kaka yake Mshamu, mkulima wa Chumbi, alileta gari lenye shokapu moja mbovu ya mbele. Siti akabadilisha ile moja tu, nyingine kongwe akaiacha. Upande mmoja ukawa mgumu, wa pili unadunda. Siku ya tatu Mshamu alishika breki kwenye kona, gari likavuta pembeni, likaingia kwenye mpunga. Hakuumia mtu. Siti alikwenda Chumbi, akasimama kwenye tope, akasema mbele za watu: "Kaka, kosa ni langu. Zilikuwa za kubadilishwa zote mbili." Tangu siku hiyo, wasikilizaji, shokapu za mbele kwake zilikuwa mbili. Mbili, au hafungi.

Sasa sikilizeni ya Bwana Murtaza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Gari lake la familia, lile la juu juu, lilikuwa limetoka kupiga safari nyingi za Ngarambe, njia ya mashimo. Ndani yupo mkewe Alina, mama mkwe na watoto wanne, wanakwenda Dar es Salaam kwenye nikahi ya mdogo wake Alina, ya usiku ule. Walisimama kwa Siti kujaza upepo tu.

Siti alikuwa amekwisha kuliona lilivyoinamisha pua liliposhika breki. Akalikandamiza kwa mbele, akaliachia. Gari lenye shokapu nzima hupanda mara moja likatulia. Hili lilipanda, likashuka, likapanda tena, likashuka tena. Akapapasa tairi: limelika vibonde vibonde. Akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, ukatoka na oili na vumbi.

"Bwana Murtaza, shokapu zimekwisha. Washushe watoto."

"Dada Siti, leo nina harusi! Nitafunga nikirudi."

"Kurudi ndiko ninakokuogopea."

Murtaza akafura. Alina alifungua mlango, akamshusha mama yake, akaomba mkeka.

Kwenye duka la spea la jirani ikapatikana shokapu moja tu, ya kushoto. "Funga hiyo, twende," Murtaza akasema. Siti akatikisa kichwa. Alijua mteja mkubwa alikuwa anampotea mbele ya macho yake. Lakini alikuwa akiuona ule mpunga wa Chumbi. Saidy akadandia bodaboda kwenda Ikwiriri kufuata ya kulia.

Aliporudi, Siti alikuwa amekwisha kuinua gari kwa jeki, kalikalisha kwenye stendi, magurudumu kayatoa. Kabla ya kugusa nati ya juu, aliibana springi kwa vyuma vyake na kufukuza kila mtu. "Hii ikichomoka inaua mtu!" Alifunga zote mbili, akakaza boliti, akalikandamiza tena. Likapanda, likatulia. "Mkifika Dar, kapimeni alaimenti, magurudumu yaelekee sawa," akawaambia. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Walipofika Mkuranga, lori la mbele yao lilisimama ghafla. Murtaza akakanyaga breki, akakata kulia, akarudi kushoto. "Gari lilishika barabara kama limegandishwa," anatuambia. "Mama mkwe hata hakuamka. Nilisimama pembeni, nikampigia Dada Siti, nikamsimulia. Akaniambia, 'Endesha, utachelewa nikahi.'" Hawakuchelewa.

Fundi Siti aliugua siku tano. Alizikwa kwao Salale, na Murtaza alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza kwenye boti. Saidy ametuambia jambo moja tu: "Tumeishi vizuri. Sina ninachodai."

Kwa Saidy, kwa Habiba, kwa Mshamu na ukoo wote wa Matimbwa, tunawapa pole. Mola amrehemu, na awape subira. Nasi tulio hai tutafakari. Huenda yupo mtu aliyewahi kukuchelewesha safari, ukamkasirikia, kumbe alikuwa anakuokoa. Kama bado anapumua, mpigie simu leo.