Mama Nyusi Anaondoka, Barakoa Ibaki Usoni

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi wetu wa barakoa anastaafu baada ya kuitumikia studio hii kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya jarida la wafanyakazi imenipa ukurasa mmoja nimuage, na imenisihi niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi. Lakini mimi ni mpaka rangi niliyekaa meza ya jirani naye tangu nilipoajiriwa, na wiki hii damu inanichemka, kwa hiyo msomaji anisamehe kama uchangamfu utaniponyoka hapa na pale.

Kwa wale wageni: katuni zetu zinamfuata Kipanga, mwokoaji anayekimbia juu ya mapaa, aliyevaa nguo na glavu zinazomfunika mwili wote, na uso wake umefunikwa kwa barakoa kutoka kipaji cha uso hadi kidevu. Hana mdomo wala pua tunayoiona. Ana matundu mawili meupe ya macho na mistari miwili ya nyusi juu yake, basi. Woga wake, aibu yake, kicheko chake mwizi anapoteleza mtaroni, vyote lazima vipite hapo. Kwa miaka yote hiyo vimepita kwenye mkono wa mtu mmoja. Ndiyo maana tukamwita Mama Nyusi, kwanza kwa utani, kisha kwa heshima, na sasa hata mlinzi wa getini hajui jina lake jingine.

Alipokuja alikuwa binti mdogo aliyeajiriwa kusafisha michoro ya wenzake. Siku hizo barakoa ya Kipanga haikutikisika. Akifurahi, macho yale yale. Akifiwa, macho yale yale. Siku moja, kwenye kipande ambacho Kipanga anadanganywa na rafiki yake wa utotoni, binti yule akaushusha unyusi mmoja kidogo tu, bila kumuuliza mtu. Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, akamwita ofisini na kumuuliza ni nani aliyemwambia kwamba barakoa ngumu inaweza kukunja uso. Naye akamjibu: "Mzee, huyu mtu anaruka mapaa saba mfululizo na hujauliza. Unyusi ndio unaouulizia?" Kipande kikapita kama kilivyo. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiisimulia habari hii kila tulipokuwa na sherehe.

Msidhani ni mtu mpole. Ana ulimi, na hana mkubwa wala mdogo linapokuja suala la macho. Kazi ilikuwa ikimfikia ikiwa na mwili wote umechorwa, matundu ya macho yakiwa matupu. Kabla ya kugusa kalamu, huvaa barakoa aliyoikata mwenyewe kutoka kwenye boksi la viatu, akamwendea yeyote aliye karibu, akaigiza kile anachokihisi Kipanga. Dada wa chai, fundi wa umeme, mgeni aliyekuja kuulizia nafasi za kazi, wote wamewahi kusimamishwa kwenye korido wakatakiwa kukisia. Ukikosea, anarudi mezani na kuanza upya. Mhasibu wetu alikisia kwamba ana njaa, kumbe alikuwa anaigiza mtu aliyefiwa, na Mama Nyusi hakumsemesha mpaka jioni. Mumewe, ambaye ni fundi magari, anatuambia kwamba nyumbani kwao hakuna uongo uliowahi kupita, kwa sababu mama yule anatazama nyusi kabla ya kusikiliza maneno.

Kosa lake kubwa tunalijua wote, na angenikasirikia nikiliruka. Kwenye kipande cha Kipanga kufukuzwa mjini, alichora machozi yakitiririka juu ya barakoa, kwa nje, kutoka kwenye macho hadi kidevuni. Hakuna aliyeliona humu ndani; mimi mwenyewe niliyapaka rangi ya maji, nikajisifu. Kipindi kikaenda hewani. Asubuhi yake simu hazikukatika, na watoto wote waliuliza swali moja: barakoa inavuja? Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma, isipokuwa yeye. Aliapa kwamba Kipanga hatatoa tena hata tone moja, na tangu siku hiyo akajifunza kumliza kwa ukingo wa chini wa jicho peke yake, unaopanda polepole na kukataa kushuka. Hayo hakufundishwa na mtu. Aliyatafuta kwenye kioo cha choo cha ghorofa ya pili, huku sisi wengine tukigonga mlango.

Na kwa kazi hiyo, studio ilimlipa heshima gani? Maandishi ya mwisho wa kila filamu yamemweka chini ya kichwa cha Mavazi, pamoja na waliochora viatu na mikanda. Alilalamika, akaambiwa kuwa barakoa huvaliwa, kwa hiyo ni vazi. Tulipopata tuzo kwa ajili ya macho yale yale, jukwaani walipanda wengine. Nayaandika haya kwenye jarida lao wenyewe ili asiwepo wa kusema hakujua.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Kazi yake ya mwisho ni filamu kubwa itakayotoka mwezi ujao. Mwishoni mwake, Kipanga anakwenda kwa mama yake mzazi, ambaye ni mgonjwa na hajawahi kujua kwamba mwokoaji wa mji ni mwanawe. Mama Nyusi alikichora kipande hicho kwa miezi miwili, akiwa na mjukuu mchanga nyumbani na mgongo unaomsumbua. Mgonjwa anainua kiganja, anakiweka kwenye shavu la barakoa, anakiacha hapo. Macho ya Kipanga yanatanuka, ukingo wa chini unapanda, kisha anayafumba. Amejulikana, na barakoa haijavuliwa.

Tulikiangalia pamoja na ndugu zetu kwenye chumba cha maonyesho. Wifi yangu, ambaye katuni kwake ni mambo ya watoto na alikuja kwa ajili ya soda tu, alinishika mkono na kuninong'oneza: "Mbona amezuia pumzi?" Kile ni kipande cha katuni kisicho na pua wala kifua kinachoonekana, na wifi yangu ameona pumzi.

Mkurugenzi wa sasa naye alikiona. Alipiga makofi, akamwita Mama Nyusi hazina ya studio, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mbele yetu sote. Wiki iliyofuata, Mama alipochukua likizo kumsaidia binti yake na mtoto, ikatoka amri kwamba Kipanga avuliwe barakoa. Watu wa matangazo wanataka sura ya kubandika ukutani. Kijana mzuri, meno yamepangika, chozi moja shavuni. Uso ambao hakuna aliyewahi kuufikiria humu ndani kwa miaka thelathini na mmoja ulichorwa kwa siku mbili, na kile kipande cha kiganja kikawekwa pembeni.

Nasema wazi kwamba huu ni unyang'anyi. Mtu ametumia ujana wake na macho yake kuthibitisha kwamba uso uliofunikwa unaweza kusema kila kitu, na siku anapofungasha virago mnautangazia ulimwengu kwamba uso ule haukuwa ukisema chochote, kwamba tulikuwa tunasubiri tu uvuliwe. Mnamwambia hayo huku mmemnunulia keki.

Alirudi Jumatatu na kuambiwa. Sisi tuliomzoea tulijiandaa kusikia ulimi wake, lakini hakufoka. Alikaa, akauangalia uso ule mpya kwenye kompyuta yangu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani?" Sikuwahi kumwona hivyo. Alipoulizwa na ofisi angependa zawadi gani ya kuagwa, kati ya friji na seti ya makochi, alisema anaomba kiganja kibaki kwenye shavu. Amejibiwa kwamba friji italetwa nyumbani kwake.

Amewafundisha wachoraji wanne kazi ya macho, na watatu kati yao sasa ni wakubwa zake. Amelea watoto watatu, mmoja wao ni nesi. Hajawahi kuchelewesha kipindi hata alipokuwa na ujauzito wa miezi minane na miguu imevimba. Mengine mengi nayaacha kwa sababu ukurasa unaisha na bado sijamshukuru.

Asante, Mama, kwa kutufanya tuzitazame nyuso za watu. Nenda ukapumzishe mgongo, ukamlee mjukuu, ukaishi kwa furaha miaka mingi kadiri uwezavyo. Na kwa kuwa hukuuliza, nakwambia hapa mbele ya wote: ule uso wa kijana uko mezani kwangu tangu Jumatatu. Ni michoro mitupu, mistari juu ya weupe. Unatakiwa uwe tayari leo saa kumi, na katika studio hii rangi ya ngozi ya Kipanga haijulikani na mtu, kwa sababu hatujawahi kuihitaji. Kuichagua ni kazi yangu. Nimeingia kwa mkurugenzi na kumwambia ana kwa ana kwamba sitaichagua.