Kisanduku Kilichomsimamisha Bwana Harusi

...na ndivyo nilivyokuwa nikimwambia mume wangu hapo mezani, kwamba nikishika kipaza sauti nitasema yote, asije akanikanyaga mguu. Kwa hiyo niwieni radhi mapema. Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni, Mzee wetu msimamizi wa safari unayestaafu leo, ndugu madereva, mama zangu na dada zangu wake wa madereva, na wewe mpenzi wangu uliyejificha nyuma ya chupa ya soda: nawasalimu kwa furaha ya mtu aliyeolewa wiki tisa na siku mbili zilizopita.

Nimeombwa nimuage Mzee kwa niaba ya familia. Yeye ndiye aliyesimamia kufungwa ndani ya malori kwa visanduku vinavyoandika vyenyewe saa za dereva. Dereva akitimiza muda wa saa tisa kwenye usukani, kisanduku kinapiga kelele na lori lazima lisimame. Tangu hapo mmekuwa mkibishana: vinaokoa maisha, au vinasumbua watu tu? Nani wa kujibu swali hilo kama si bibi harusi?

Kabla ya visanduku kulikuwa na daftari, dereva anajiandikia saa zake mwenyewe. Siku moja, nikipanga nguo, nikalikuta la mume wangu. Nikalisoma kwa mapenzi, maana jamani ana mwandiko huyu mtu, herufi zimenona kama mashavu yake. Nikafika tarehe ya harusi yetu. Saa nne asubuhi, wakati ananivisha pete huku machozi yanamtiririka, daftari linasema: "Naendesha. Mzigo wa saruji. Barabara nzuri."

Nikamwita. "Hebu niambie, nani aliyenioa?"

"Mimi, mpenzi."

"Mbona siku hiyo ulikuwa na saruji?"

Kumbe madereva nyote, na msicheke, nyote, mlikuwa mkijaza daftari la mwezi mzima siku ya kwanza ya mwezi, mmekaa kwenye benchi la gereji mkiazimana kalamu! Mtu hajafumba jicho siku mbili, daftari linasema amelala kama mtoto mchanga. Kwa hilo peke yake, kisanduku, nakupenda. Ungekuwa na shavu ningelibusu.

Lakini nisiseme uongo mbele ya watu wazima. Wiki ya kwanza ya ndoa, visanduku ndiyo kwanza vimefungwa, mume wangu alikuwa anarudi kwangu, kisanduku kikamwonyesha zimebaki dakika kumi na tano. Mwanamume kwa mawazo akaniona mimi mlangoni, akakanyaga mafuta, akalipita basi kwenye kona. Kwenye kona! Alinisimulia huku anacheka. Mimi nilikaa sakafuni. Zamani alikuwa anasinzia. Sasa yuko macho, lakini anashindana mbio na saa. Je, huo ndio usalama? Picha za harusi zilikuwa hata hazijatoka studio, na mimi nilikuwa karibu kuwa mjane.

Nikampigia Mzee nikilia. Akasema, "Binti yangu, nyamaza, mpe simu huyo mwehu." Akamwambia, "Zikibaki dakika thelathini, tafuta pa kuegesha. Mzigo ukichelewa, lawama ni yangu." Na kila dereva akaambiwa vivyo hivyo.

Wiki iliyofuata, saa kumi jioni, kisanduku kikaonyesha thelathini, mume wangu akatii, akaegesha kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali, kilomita tatu kutoka nyumbani. Tatu! Nikabeba chakula, mto na shuka, nikatembea. Tulikula ndani ya kabini, miguu juu ya dashibodi, wafyatua matofali wakitupigia makofi. Sijawahi kupendwa vile.

Nasikia shemeji mmoja huko nyuma anasema, "Amalize, tule." Shemeji, tumbo lako halijawahi kuchelewa popote, tulia.

Mheshimiwa Mkurugenzi, jibu langu ni hili. Kisanduku kinahesabu saa, na kihesabu. Lakini kilichomwondoa mume wangu kwenye ile kona ni neno la Mzee, na Mzee anaondoka leo. Kesho dereva akiegesha, nani atabeba lawama? Ni wewe, ambaye simu zako za "umefika wapi?" hata sisi wake zao tunazijua kwa mlio? Naomba neno la Mzee liandikwe, ulitie sahihi, libandikwe getini. Sitaki zawadi nyingine ya harusi.

Ngojeni, Mheshimiwa amenyanyua mkono. Anasemaje? "Liandikwe leo." Mmesikia! Katibu wa ofisi, acha sahani hiyo, lete karatasi kabla hajashiba!

Mzee, umenirudishia mume wangu mzima, mashavu yote mawili. Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Na wewe Mzee, andaa viti viwili: tutakuja kukutembelea huko kijijini kwako kabla mwezi huu haujaisha. Ni mbali, tutalala njiani, na hatuna haraka hata kidogo.