Nusu ya Kitabu cha Ruta

EVODIA: Haloo? Naongea na nani?

YASINTA: Na Yasinta. Usikate.

EVODIA: Yasinta? Mbona namba hii —

YASINTA: Ya mama mwenye nyumba. Yangu umeiacha inalia tangu Jumapili.

EVODIA: Tumsifu Yesu Kristu.

YASINTA: Milele amina. Kitabu kiko wapi?

EVODIA: Hata hali hujanijulia —

YASINTA: Salamu nimeitikia. Kitabu, Evodia. Nusu yako. Tulikikata kwa wembe pale intaneti kwa Sostenes, wewe ukachukua za ruta, mimi za nyaya na anwani, tukasema tutabadilishana. Yangu nimeimaliza. Basi la Dar ni kesho, mtihani keshokutwa huko huko, na hizo mashine za kuelekeza njia za mtandao mimi nazijua kwa sura tu.

EVODIA: Huku Ipagala mtandao unakata, sikusi —

YASINTA: Umenisikia.

EVODIA: Si ungesoma noti za chuo kwa sasa.

YASINTA: Noti za chuo? Mwalimu Gerson alinakili kwa mwenzake, mwenzake naye alinakili sijui wapi, na mashine zenyewe hazitengenezwi tena. Nani alisema tusome maandishi ya kampuni inayotengeneza ruta, kwa kuwa ndiyo inayotunga mtihani? Mimi nilitaka tukanunue majibu ya wizi Chang'ombe kama wenzetu, ukaninunia wiki nzima. Tukaprinti karatasi moja moja mpaka Sostenes akatuita masista wa ruta. Leo unaniambia noti.

EVODIA: Hakipo kwangu.

YASINTA: Kiko kwa nani?

EVODIA: [mkwaruzo] ... bias.

YASINTA: Sema tena.

EVODIA: Kwa Thobias.

YASINTA: Thobias mchumba wako? Anayezima kompyuta kwa kuchomoa waya?

EVODIA: Usimseme hivyo.

YASINTA: Anakifanyia nini?

EVODIA: Amekifungia kwenye sanduku lake. Alikikuta mezani, akauliza ni cha nini. Nikamwambia wamiliki wapya wa lile shirika alilofanyia kazi baba hawampi mtu kazi ya mitandao bila cheti. Akanyamaza. Akamaliza kula, akaaga, akaondoka nacho.

YASINTA: Na wewe ukamsindikiza.

EVODIA: Mpaka barabarani.

YASINTA: Mungu wangu, Evodia.

EVODIA: Amesema tungojane. Aanze yeye kufanya mtihani, mwakani. Halafu mimi.

YASINTA: Tungojane ni — subiri. Kwa hiyo kesho huji?

EVODIA: Nitakujaje?

YASINTA: Ada umeshalipa. Tiketi yako ninayo hapa mkononi. Ulitaka nikuite stendi nzima kama mtu aliyepotelewa na mtoto?

EVODIA: Baba ameshapokea mahari.

YASINTA: Sijauliza habari za ng'ombe.

EVODIA: Na ameshawauza. Tangu shirika wampunguze kazini, unajua kwetu tunaishije.

YASINTA: Najua.

EVODIA: Basi usinipigie kelele.

YASINTA: Nitapiga. Nimekasirika. Nimekaa Area D siku zote hizi nakusema vibaya moyoni, kumbe wewe umejikunja huko, hata kuniambia huniambii.

EVODIA: Ningekuambia nini?

YASINTA: Hicho ulichoniambia sasa hivi. [simu inalia ti, ti] Vocha ya watu inaisha. Nijibu kitu kimoja. Ruta ina njia mbili za kwenda mahali pamoja. Moja fundi ameiandika kwa mkono, nyingine imeambiwa na ruta mwenzake kwa RIP, ule utaratibu wa ruta kupashana njia. Inafuata ipi?

EVODIA: Ya mkono.

YASINTA: Kwa nini?

EVODIA: Kila njia ina namba ya kuaminiwa, ndogo ndiyo inayoshinda. Ya mkono ni moja, ya RIP mia na ishirini. Iko kwenye lile jedwali wino ulipofifia.

YASINTA: Na ya mkono ikikatika?

EVODIA: Inafutwa. Ruta inafuata iliyobaki.

YASINTA: Haingoji?

EVODIA: Haingoji.

YASINTA: Nusu yako nzima unayo kichwani, halafu unanililia sanduku. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, stendi. Nusu yako utanisimulia njiani mpaka Morogoro, yangu utaisoma kutoka hapo.

EVODIA: Yasinta, mimi si kama wewe, siwezi tu ku —

YASINTA: Unakuja au huji?

EVODIA: [mlango unagongwa] Subiri. [sauti ya mwanamume kwa mbali] ... Ndiyo, shangazi. Shikamoo, shangazi.

YASINTA: Shangazi gani? ... Amekuja?

EVODIA: Ndiyo. Thobias yuko hapa hapa, anakusalimia.

YASINTA: Marahaba. Mwambie nimemsikia. Evodia, unakuja?

EVODIA: Pole sana na mgongo, shangazi. Wakikuandikia hospitali kubwa, huwezi kwenda peke yako.

YASINTA: Siwezi. Siwezi kabisa. [ti, ti]

EVODIA: Basi nitakusindikiza. Saa kumi na mbili nimesikia. Baba nitamwambia mwenyewe leo.

YASINTA: Na kile kitabu sandukuni?

EVODIA: Hicho kikae. Ila karatasi zako za hospitali, shangazi, uje nazo zote, usiache hata moja. Hizo sijazisom —

[simu imekatika]