Ukuta Usio na Meno

Leo ni siku ya tano kabla ya Novemba kuingia, saa tatu asubuhi, manyunyu yanatoka upande wa bahari, na kwa hewa ya namna hii chokaa haishiki. Basi hakuna kazi inayowangoja, sikilizeni. Decimus mwanangu, keti kuliani kwangu. Nawe Vesidia, binti wa marehemu mdogo wangu Statius, keti kushoto, hapo penye ukuta unaoigawa nyumba hii ya babu yenu. Wosia wangu wauhusu ukuta huo.

Siku bibi yenu alipozidiwa, Statius alitumwa kumwita tabibu, akapitia kilabuni kutupa dadu mara moja tu. Aliporudi, mama alikwisha kufumbwa macho. Nami, mbele ya waombolezaji wa mji wote wa Puteoli, nikasema, “Umemuua.” Akanijibu, “Kaka, gawa nyumba.”

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba. Nikachimba msingi futi mbili, nikapanga mawe madogo yaliyochongwa mkia, nyuso nje, mikia ndani, na katikati nikashindilia vifusi na chokaa iliyochanganywa na majivu ya mlima wa moto, tabaka juu ya tabaka, siku kumi na tisa. Lakini pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani, ambapo kila fundi huacha meno, mawe yanayochomoza, ili kuta ziumane, mimi sikuacha hata jino moja. Niliuegemeza tu. Nilitaka siku mdogo wangu atakaponiita, uondoke bila kuijeruhi nyumba.

Baada ya majira mawili ya baridi ufa ukatokea, umenyooka kama uzi wa timazi, toka paani hadi sakafuni. Mji ulicheka. Statius mwenyewe alipaza sauti kutoka kwake: “Kaka, fundi mzima! Ukuta wako unakukimbia! Nikuazime mwiko?” Nilikuwa na neno moja la kumjibu, nikalimeza miaka ishirini na miwili, nikingoja aanze yeye. Decimus, ulipigana sokoni kwa ajili ya jina langu, nami sikukwambia kwamba pale niliacha hivyo kwa makusudi. Nisamehe.

Juzi, tulipotoka kumzika Statius, Vesidia aliniambia: “Baba mkubwa, baba alitukataza kuupiga lipu ufa ule. Alisema, kaka hakosei kona. Huo ni mlango, namngoja aufungue.”

Alijua, wanangu. Akanitania ili nijibu. Tukangojeana, hata kaburi likatuamua.

Basi shikeni haya. Decimus, mwiko na timazi ni vyako. Vesidia, shimo la chokaa ni lako, na usiuze chokaa yake kabla haijatimiza miaka mitatu majini, hata mnunuzi akulilie. Ukuta ni wenu wawili, na urithi wake ni kuubomoa. Haubebi boriti hata moja. Anzeni juu, penye ufa, kwa patasi ndogo. Mawe yake msijengee ukuta mwingine, tandazeni uani. Nizikeni kando ya Statius, pasiwe na kitu katikati. Na miungu ya nyumba hii, iliyolishwa nusu nusu miaka yote, iwalinde mkila meza moja.

Sasa, Decimus… panda ukutani. Nataka kusikia. Pumzi hainifikishi hadi ukuta uwe chini, lakini… vuta jiwe. Moja. Taratibu, Vesidia, lipokee… Mbili. Naona… mwanga wa upande wa Statius… Tatu.