Kura ya Mashine ya Bwiza

Tangu basi litoke Rohero, Jokha alikuwa akihisi joto la mfuko uliolalia mguu wake. Alidhani kijana wa kando, aliyeitwa Trésor, amebeba chakula. Angemwomba ausogeze, ila kijana alikuwa akizungumza na mwenzake Benite, na Jokha hakupenda kukatiza maneno ambayo hakualikwa kuyasikia.

"Tuanze mwanzo," Benite alisema. "Kliniki ina mashine tatu za kompyuta, Rohero, Bwiza na Musaga, na dosie za wagonjwa ziko kwa zote. Moja ikikufa, mbili zinaendelea. Ikibaki moja tu, haiwezi kuandika kitu, juu ya kuwa haina wa kukubaliana naye."

"Ndiyo. Leo umeme wa Rohero umekatika, Musaga ikabaki peke yake. Na imeandika."

"Imeandika nini?"

"Imefunga dosie ya matibabu ya Marcellin, zamu wetu wa getini. Inasema amekufa."

"Marcellin si ametufungulia geti tukitoka?"

"Ametufungulia. Na ametuaga vizuri."

Jokha alimtaja Mungu kimoyomoyo, akatega sikio zaidi.

"Basi nani alikubaliana na Musaga?"

"Bwiza."

"Apana, Trésor. Ile ya Bwiza tumeing'oa jana, waya zote."

"Najua. Mi ndiye nimeibeba." Akaugusa mfuko kwa ncha ya kiatu. "Iko humu."

Basi likasimama Musaga, vijana wakainuka. Jokha akavuta mguu wake taratibu.

"Mwanangu," alisema, "huo mfuko una joto."