Msifunge Pampu kwa Ajili Yangu

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile lilikuwa ni mwana mkubwa kuingia chumbani kwa baba yake na fimbo ya kupimia mafuta, kama alivyofanya kila jioni tangu mzee aliposhindwa kushuka kitandani. Nyumba ilikuwa nyuma ya kituo chao cha mafuta, na dirisha la chumba lilitazama mfuniko wa chuma wa tangi la ardhini. Fimbo yenyewe ilikuwa ya mbao, ndefu kumpita mtu, imechongwa alama ubavuni na kuvishwa kisigino cha shaba. Ilizamishwa tangini mpaka igonge chini, ikatolewa, na pale unyevu ulipoishia ndipo yalipofika mafuta. Mzee aliipapasa, akataja kiasi, na mwana akajibu, "Ndivyo, baba." Kisha wakazungumza habari za lori, njia na mvua.

"Leo je?" mzee aliuliza.

"Yameisha, baba. Nimeshatundika kibao."

Mzee aliipokea fimbo, akaipapasa toka juu mpaka kisigino, akainusa, akailaza juu ya blanketi. Binti yake, muuguzi wa zahanati ya mtaani, alikuwa akimkunjia mashuka. Pembeni ameketi mjomba wao, kaka wa marehemu mama yao, aliyekuja kumjulia hali shemeji yake. Mwana mkubwa, ambaye wafanyakazi wa pampu walimbandika jina la Meneja hata dada yake akalizoea, aliona vidole vya baba vimetulia juu ya ile shaba, akapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Ufunge mlango," mzee akasema. "Lakini wewe ubaki ndani."

Meneja akaufunga. Mzee akavuta pumzi kama mtu anayevuta maji kisima kirefu, akaanza.

"Keti, Meneja. Na wewe mama, acha mashuka, keti. Shemeji, wewe ni shahidi. Msinikatize, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Nipeni masikio yenu, wanangu, na leo msinihurumie, kwa sababu mimi sikukusudia kuwahurumia.

"Fimbo hii imekauka mpaka kisigino. Mwanangu, ungenidanganya kwa ustadi ningejua angalau kazi niliyokufundisha imekukaa. Bomba la kunyonya halifiki chini ya tangi. Linaishia kiganja kizima juu ya sakafu yake, ili lisivute tope na maji. Pampu inaweza kukohoa upepo kutwa, gari lisipate hata tone, na bado chini pakawa na mafuta ya kulowesha kisigino hiki. Tangi huisha, halikauki. Nilikwambia hayo hujaota hata ndevu. Fimbo kavu ni fimbo ambayo haikuingia tangini. Hukuufunua mfuniko, hukuinama, hukuchafua hata suruali. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako, Meneja, haikutoka nje ya mlango wa ofisi.

"Na ninajua kwa nini. Kesho bei mpya inatangazwa, na kila mwenye redio amesikia kwamba itapanda. Mafuta yamo, umeyakalia, unangoja yapande thamani yakiwa usingizini. Usitikise kichwa. Nimeisikiliza pampu ile mwaka baada ya mwaka kwa dirisha hili, naijua ikichoka na naijua ikifungwa mdomo.

"Sisemi kwamba huna hoja. Hoja unayo, na mimi si mtu wa kumzomea mwenye hoja. Unasema, tukiuza tangi hili kwa bei ya leo, fedha yake haitanunua tangi lingine kwa bei ya kesho. Ni kweli. Hiyo ndiyo kabari waliyotupigilia. Meli ni za wengine, bohari ni za wengine, na wenye bohari wana vituo vyao, hujaza kwanza vya kwao ndipo wakumbuke kwamba kuna mnyonge getini. Dereva wetu amelala chini ya lori lake langoni kwao mpaka walinzi wakamzoea kama mbwa wa jirani. Akishapakia, anakutana na mto usio na daraja na barabara inayokwenda na maji kila masika, na huko nyuma ya kilima wanamngoja watu wa madumu, wanaonunua nusu ya kompatimenti, chumba kimoja cha tangi la lori, na kumwachia mafuta ya taa ajazie pengo. Halafu kuna wale wanaopanga bei wakiwa chini ya feni, wanaotukadiria nauli kana kwamba tumepakana na bandari. Nimewaandikia, nimewafuata, nimewaeleza kwa adabu zote nilizofundishwa chuo kikuu. Walinipa chai. Nina hasira nao, nami nitakwenda nayo hivyohivyo, sitaki mtu aje kuniambia nisamehe ndipo nipumzike.

"Lakini nisikilizeni. Mwizi akikuvua shati, humvui suruali anayekufuata njiani ukasema mmelingana. Yule mwendesha pikipiki anayekuja hapa na chupa hakupanga bei. Mama anayetaka kuwahi sokoni na nyanya zake hana bohari. Tulipojenga kituo hiki, wakubwa wa barabara kuu walikuwa na taa za rangi, wakigawa kofia na ndoo kwa kila anayejaza tangi. Nikamwambia mama yenu, sisi tutawavuta watu kwa kitu gani? Akaniambia, 'Kwa kuwepo. Mtu akijua kwamba ukiwa na mafuta hutamnyima, na ukisema huna, kweli huna, atapita kofia kumi kuja kwako.' Akachukua kipande cha mbao, akakipaka rangi nyeupe, akaandika kwa mkono wake: HAKUNA MAFUTA, TUWIE RADHI. Akaweka sharti. Kibao hicho hakitundikwi mpaka fimbo itoke na kisigino peke yake kimelowa. Hilo ndilo lilikuwa tangazo letu. Watu walikiona kibao kile wakageuza magari bila kutukana. Mnajua ni wafanyabiashara wangapi katika nchi hii wanaoweza kumwambia mteja 'sina' asiwatukane?

"Sasa nafika penyewe. Shemeji, nisogezee mto. Hapo, basi.

"Mama yenu alipofariki, Meneja, ulitundika kibao. Nikasema moyoni, mwanangu ana heshima, ameona si vizuri pampu kulia wakati mama yake amelazwa ndani. Wafiwa waliwekewa viti pale uwanjani, mbele ya pampu, kwa sababu ndipo penye kivuli. Watu walikuja kumzika kwa miguu, pikipiki zao zimelala majumbani. Dada yako, kesho yake tu baada ya kumzika mama yake, alipanda basi na dumu mkononi kwenda mji wa pili kutafuta mafuta, jenereta ya zahanati isizimike mwanamke akiwa katika kujifungua. Siku ya tatu ukafungua. Bei ilikuwa imepanda katikati ya matanga. Jioni ulipotundika kibao uliniletea fimbo, nami niliishika bila kuipapasa, mikono yangu ilikuwa inamtafuta mtu mwingine. Leo nimeipapasa, na kisigino hiki kikavu kimenirudisha siku ile. Niambie nimekosea. Niambie, nami nitakuomba radhi mbele ya mjomba wako."

Meneja alitazama sakafu. Dada yake alisimama.

"Kaka, ni kweli? Nilipita hapo mlangoni na dumu! Ukaniambia pole!"

"Keti, mama. Utamgombeza nikishaondoka, miaka unayo mingi. Basi ni kweli. Waombolezaji walikaa kwenye viti vyao, wakamlilia mama yenu, na chini ya miguu yao kuna tangi limejaa. Ulikifanya kifo cha mama yako kuwa kufuli. Nimekaa na mwanamke yule maisha mazima sikuwahi kumsikia akisema neno la uongo kwa mteja, halafu neno la mwisho lililosemwa kwa mwandiko wake likawa uongo, siku ambayo hakuweza kuinuka kukushushia kibao usoni. Hilo, mwanangu, limeniuma kuliko ugonjwa huu. Ugonjwa nauelewa.

"Sikulaani. Kulaani ni kazi rahisi, na mimi nataka ufanye kazi ngumu. Kwa hiyo pokeeni mali yenu.

"Kituo hakigawanywi. Debe likikatwa katikati hamna anayepata nusu debe, mnapata mabati. Funguo za pampu zitabaki kwako, Meneja, kwa sababu biashara unaijua na watu wamekuzoea, na aliyejikwaa huijua njia vizuri zaidi akitaka. Fimbo ni ya dada yako. Yeye atapima, wewe utauza. Yeye asiguse pampu, na wewe usiguse fimbo. Kibao kitundikwe siku fimbo itakaposema, si siku Meneja atakaposema.

"Lile lori kuukuu nililowakataza kuliuza, liuzeni. Nililipenda kwa ujinga, kwa sababu mama yenu alizoea kukaa mbele akiniimbia nisisinzie. Fedha yake ijazie pengo mkinunua tangi lijalo. Umeona, hoja yako nimeijibu. Haitajibika kila mara. Mwezi mwingine tangi litakaa tupu nanyi mtakaa barazani mikono kwapani kama watu wote, na hiyo si aibu.

"Yule tajiri wa kituo cha ng'ambo ya barabara, mnajua sijamsalimu tangu aliponiuzia petroli yenye maji. Ugomvi ule ni wangu, msiurithi. Msalimieni. Lakini akiwauzia mafuta, pimeni kwanza ndipo mcheke naye.

"Mama, nipe maji. Kidogo tu... Inatosha.

"La mwisho. Meneja, sogea, sauti inaniacha. Nahisi sitaiona kesho mchana. Bei itapanda kesho, na mimi nitakuwa nimelala hapa kama alivyolala mama yako. Watu watakwambia, funga, baba yako amekufa, ni heshima. Hakuna atakayekulaumu. Hata malaika hatakulaumu. Ndiyo maana nakwambia: usifunge. Msifunge pampu kwa ajili yangu. Viti vya wafiwa viwekwe nyuma ya nyumba. Uza kwa bei ya leo, mpaka kisigino. Na gari la kunibeba... lipange foleni. Asitokee mtu wa kusema, pisheni msiba unapita. Msiba umeshapita hapa mara moja bila foleni, nao ulitutia aibu.

"Nimechoka. Nilikuwa na neno jingine... Mama yenu angelikumbuka. Basi. Mpendane, hata mkinuniana. Mungu awafungulie kila mlango mtakaobisha, na asiwatundikie kibao. Na wewe, kichwa kigumu, lete mkono. Si huo. Wa kulia. Basi... ndivyo."

Kulipambazuka mzee akiwa ameshaondoka. Redio ya jirani ilitangaza bei mpya, nayo ilikuwa imepanda kuliko hata wengine walivyokisia. Vituo vyote vya mji viliamka vikisema bado havijapata mafuta.

Mjomba alimfuata Meneja uwanjani. "Mpwa wangu, mzee alisema kwa uchungu wa ugonjwa. Watu watasema nini, unauza mafuta baba yako hajazikwa?"

"Watasema, mjomba," Meneja alijibu. Akapanda juu ya kiti, akakishusha kibao, akakiegemeza ukutani, maandishi yake yakitazama ukuta.

Dada yake alifunua mfuniko. Akazamisha fimbo mpaka ikagonga chini, akaitoa, akamwonyesha kaka yake. Unyevu ulifika mahali pa goti la mtu. Akaiegemeza pembeni ya pampu, akarudi ndani kumwosha uso baba yake.

Habari ilienda kasi kuliko pikipiki. Kabla jua halijachoma, foleni ilikuwa imefika kwa fundi viatu, nayo ilizidi kurefuka. Kila mtu aliposikia bei alisema, "Ya leo au ya jana?" na Meneja akajibu, "Ya jana. Jaza," akapampu kwa mikono yake mwenyewe, macho mekundu. Mama mmoja wa sokoni alimshika bega. "Pole, mwanangu. Lakini leo umefungua?" Akasema, "Mzee amesema."

Gari la kubeba jeneza lilikuwa pikapu ya seremala. Lilipofika dereva wake alipiga honi, mshale wa mafuta umelala, na magari yakaanza kusogea pembeni kumpisha. Meneja akainua mkono. "Nyuma, kaka. Panga mstari."

"Mimi namchukua baba yako!"

"Najua unayemchukua. Panga mstari."

Dereva aliguna, akarudi nyuma. Watu waliokuwa wakibishana nani alitangulia walirudi kwenye nafasi zao. Foleni ikasonga polepole, chupa kwa chupa, tangi kwa tangi, na pikapu ikasonga nayo. Ilipobaki gari moja mbele yake, pampu ikakohoa, ikatoa upepo.

Dada alitoka, akaichukua fimbo pale pembeni ya pampu. Akaizamisha, akaitoa, akaipapasa kama alivyoipapasa baba. Kisigino peke yake kilikuwa kimelowa.

Mwendesha pikipiki aliyekuwa ameshajaza alifungua kifuniko cha tangi lake. "Nyonya hapa, bosi. Nyonya utie gari la mzee."

"Asante, ndugu yangu," Meneja akasema. "Hayo ni yako, ulipanga foleni."

Mwendesha pikipiki alimtazama, akatazama ile pikapu, akakisukuma chombo chake kando. "Basi tumbebe," akasema. Wengine wakaanza kushuka kwenye magari.

Meneja alichukua kibao alichokipaka mama yake, akakitundika kwenye mnyororo wa pampu, akakinyoosha kilipokaa upande. Akafuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani, akainama, akaweka bega lake la kulia chini ya jeneza.